Msumari wa Tano

Katika jiko lile la kuwapikia wazee, kila mpishi wa mshahara alikuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia aproni. Wanaojitolea, zao waliziweka kapuni. Mwamvita alikuwa wa kapuni. Kibali chake cha kazi kilikuwa bado kimelala ofisi ya uhamiaji, na yeye kwa mapishi ya bure alikuwa ameshanenepesha nusu ya wazee.

Asubuhi hiyo aliingia na nyundo, akapigilia msumari wa tano.

"Dada, kibali kimetoka?" aliuliza Shomvi, mpishi mwenzake.

"Bado."

"Sasa huo wa nini?"

"Kikija kisihangaike kunitafuta. Kinikute hapa."

Shomvi alicheka mpaka vitunguu vikaungua. "Na yule mwenye hoteli anayetaka ukampikie kimyakimya?"

"Nimemwambia asubiri kama ninavyosubiri mimi. Nikikamatwa, kibali ndiyo basi tena. Sikuvuka mpaka nije kujificha nyuma ya sufuria."

Mama Elfrida, msimamizi, akatokea mlangoni. Shomvi akarudi haraka kwenye vitunguu vyake. Huyu aliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa kuvaa ndala. Aliutazama msumari, akamtazama Mwamvita, akanyoosha mkono apewe nyundo. Mwamvita akampa bila kuinamisha macho.

Mama Elfrida akaugusa msumari kwa kidole. Ulicheza. Akaugonga mara mbili, ukakaa imara, akarudisha nyundo na kwenda zake kukagua maharage.

Jioni Mwamvita alivua aproni, akaikunja, akaiweka kapuni kama kawaida. Ukutani, msumari mtupu uling'aa kuliko yote.