Wageni wa Agneta

Nabwile alimnyonyoa jogoo huku funguo za hoteli ambayo bado haijafunguliwa zikimgonga pajani, ndani ya mfuko wa aproni. Hakutaka kuziacha chumbani. Miaka yote aliyotandika vitanda vya watu pale hotelini Kitale, funguo alizowahi kukabidhiwa ni za stoo ya sabuni.

Mvumilivu hula mbivu, na Nabwile alivumilia hadi meno yakachoka. Aliwafunza kazi vijana wa kiume, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaishia kuwa bosi wake. Sasa Mzee Kagwe, mwenye hoteli, alikuwa amejenga tawi Bungoma, na mbele ya wafanyakazi wote akatangaza kwamba meneja ni Nabwile. Msaidizi wake angekuwa Tonny Barasa wa mapokezi, ambaye kila mtu alidhani kiti ni chake.

"Ofisi ni moja tu," Kagwe alisema. "Mtabanana huko."

Tonny hakununa. "Hongera, mama," alisema kwa mbali, mikono nyuma. Zamani alimwita madam. Nabwile alidhani ni wivu tu uliomzuia kumpa mkono, akamsamehe.

Leo Jumamosi alikuwa nyumbani Naitiri, akiwapikia wageni wa Agneta, binti yake wa pekee. Walikuwa wanakuja kuposa. Tumbo la Agneta halikufichika tena kwa leso, kwa hivyo Nabwile hakuwa na nguvu ya kuuliza mengi.

"Huyo kijana ako na kazi?"

"Ako nayo, mama, huko Kitale. Na anasema akimaliza hii mambo ya kuposa, atakuwa mkubwa kabisa."

"Na jina yake ni siri?"

"Amesema utamjua akifika."

Nabwile akacheka. Alipenda kijana mwenye matumaini. Moyo wake ulikuwa mweupe siku hiyo, hata moshi wa kuni haukumkera.

Senge Phelista, yaani shangazi wa Agneta upande wa baba, alikuwa kwenye kigoda akichambua kunde. "Nabwile, usijifanye mtu wa mjini. Akiingia hii boma kuposa, huyo ni mkwe. Hakuna kusalimiana na mkono. Hakuna kukaa nyumba moja. Mahali mkwe ako, wewe ndio unatoka."

"Si najua, Senge. Mama yangu alikuwa anajificha kwa mahindi akiona bwana ya dada yangu."

"Na usiseme hapana. Nani mwingine atamchukua na hiyo tumbo?"

"Nikatae nini, bana? Hata hatutasumbuana. Kijana anafanya kazi Kitale, na mimi Jumatatu nahamia Bungoma."

Hodi ikapigwa. Nabwile akanawa mikono upesi, akasimama mlangoni pa jikoni kuchungulia. Furaha ilimpanda hadi akaiogopa. Cheo amepata, na mtoto wake anaolewa kwa heshima.

Wazee walikuwa wamekwisha kuingia uani, kofia mkononi. Agneta akamnong'oneza mama yake, "Ni yule wa koti ya kijivu."

Tonny alimwona Nabwile pale mlangoni. Akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasimama akingoja mama mkwe ampishe.