Chipsi Chini ya Kawa

Hidaya alifunua kawa, mvuke ukampiga usoni. Chipsi zilizokuwa kavu alipoziepua sasa zimelegea tepetepe. Alikuwa ameviloweka viazi, akavifuta maji kwa kitambaa, akavikaanga mara mbili. Kisha akazifunika, maana chakula cha mume hakiachwi wazi.

Leo zamu ilikuwa yake. Mbaruku angeingia wakati wowote.

Alijitanda kanga, akabeba sahani, akavuka ua na kubisha hodi kwa mke mwenzie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada Mwanshamba, nimeshindwa. Kila siku Mbaruku ananiambia nije nijifunze kwako. Eti zako kavu, zinavunjikia mdomoni."

Mwanshamba alimkodolea macho. "Zangu?"

Akaingia jikoni, akarudi na sahani yake, nayo imefunikwa kawa. "Nimejaribu tena leo," alisema, akaifunua. Chipsi zilikuwa zimelala kama kamba zilizolowa.

"Mimi ananiambia nikajifunze kwako wewe."

Walisimama pale mlangoni, kila mmoja na sahani yake. Hidaya hakujua acheke au aangue kilio. Akaonja moja ya Mwanshamba, akaonja yake, akarudia tena, kama vile jibu limo humo.

"Sasa dada, hizo kavu anakula wapi?"

Kikohozi cha Mbaruku kikasikika, naye akaingia uani. Alipowakuta pamoja alisita, kisha akawasalimu. Wote wawili walikuwa wanatazama punje za chumvi kwenye sharubu zake.