Skafu ya Chiriku

Chiriku alirudi kwao akiwa nyota wa opera, ameimba katika majumba makubwa ya ng'ambo. Siku ya onyesho lake alishinda juu ya mti, skafu shingoni, kimya. Aliyemsalimu aliitikiwa kwa kichwa tu.

Kanga, asiyemwamini yeyote, akamnong'oneza Kwale: "Shoga, umeona wapi chiriku asiyesema? Sauti si yake huyu. Kuna mwingine anamwimbia nyuma ya pazia, na leo namuumbua."

Jioni akayaacha mayai yake, akaenda kujibanza nyuma ya pazia. Hapakuwa na mtu. Chiriku akaimba peke yake, sauti ikapanda mpaka Kanga mwenyewe machozi yakamtoka.

Aliporudi kiotani alikuta maganda matupu. Kenge alikuwa ameshapita.

Akamkimbilia Chiriku. "Wewe umeshinda juu ya mti. Hukumwona Kenge akizungukazunguka kiota changu?"

"Nilimwona tangu asubuhi, dada," Chiriku akajibu, akifungua skafu yake taratibu. "Ila siku ya kuimba huwa sifungui mdomo mpaka jukwaani. Vipi, sauti uliipenda?"