Radhi Kabla ya Ijumaa

Tangu Shomari atangazwe kufilisika, kila alichopata kiligeuka papo hapo mali ya mfilisi, msimamizi wa madeni yake. Kanzu aliyopewa sikukuu ya Idi ilichukuliwa hata hajaivaa. Majirani wakimletea wali, walimlisha kwa mikono yao wenyewe, ili usiwe wake.

Zilibaki siku sita tu awe huru. Lakini mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa mahututi, na Shomari ndiye mrithi wake pekee. Mama akifa kabla ya Ijumaa, nyumba yake wanamolala wajukuu ingekwenda kwa mfilisi. Kuficha kifo hakukuwezekana: bangili iliyosikiliza moyo wa mama ilitoa taarifa moja kwa moja kwenye daftari la mali.

"Sogea nikupe radhi, mwanangu," mama alisema.

"Bado, mama." Shomari alijua kuwa wagonjwa wakishatoa radhi huenda zao. "Utanipa Ijumaa."

"Ijumaa mbali. Nimechoka."

"Nakuomba, mama! Wanangu nitawalaza wapi?"

Mama akaomba maji ya mtungini.

Shomari alitoka mbio hadi uani, akachota kata moja, akarudi. Mlango ulikuwa umejifunga. Alibonyeza kidole kwenye kitasa kilichomjua tangu utotoni.

"Samahani," mlango ulisema kwa upole. "Nyumba hii sasa ni mali ya mfilisi."

Maji yakamwagika miguuni pake. Shomari akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Mama, nipe sasa. Nimekuja, mama. Nipe."