Bahari ya Beseni

Mugure alivuta beseni la maji karibu na kitanda, akatumbukiza mkono, akaanza kuyakoroga polepole. Mkono wa pili ulishika simu.

"Hiyo ndiyo bahari?" baba yake aliuliza.

"Ndiyo, baba. Leo imechafuka kidogo."

Mzee Jamleck akacheka. Alichojua ni kwamba binti yake yuko kisiwani, mbali huko, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa mikebe. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili kumlipa wakala wa kazi hiyo, akabaki na ng'ombe mmoja tu, Nyange, kule Subukia. Siku ya safari wakala alizima simu. Mugure hakuwa na uso wa kurudi nyumbani. Alishukia Karagita, kwenye mashamba ya maua kando ya ziwa, akapata kazi ya kupanga maua ya waridi na chumba kimoja cha mabati. Tangu hapo, kila Jumapili jioni, alimpelekea baba yake kisiwa kwa WhatsApp. Kamera hawakuwasha. Alisema mtandao wa huko hauwezi, na mzee hakusisitiza.

"Mtaani kukoje leo?"

Hapo hakuhitaji kudanganya sana. Alichungulia mlangoni. Wanawake walikuwa wakitoka zamu na mabuti ya mpira, vidole vimefungwa plasta kwa ajili ya miiba. Aliwageuza kuwa wakata samaki. Mama wa mahindi ya kuchoma akawa wa madafu. Chumba baridi cha maua kikawa cha samaki. Viboko wa ziwani hakuwataja.

"Unakula lakini?"

"Nimenenepa, baba. Nyange je?"

"Nimetoka kumkama sasa hivi. Anapiga mateke kama wewe ukioshwa miguu." Mzee akakohoa, kikohozi kirefu.

"Hicho kikohozi hakijaisha?"

"Ni dawa ya kupe tu, nilimnyunyizia jana. Mami, kazi ikikushinda, rudi. Ng'ombe tutanunua wengine."

Mkono ukatulia ndani ya beseni. Bahari ikanyamaza. Angemlaza mzee huyu na uongo hadi lini? Leo angesema, litakalokuwa liwe.

"Baba, kuna kitu nataka kukuambia."

Kabla hajaendelea, Ogada muuza samaki akapita mlangoni na baiskeli yake, spika imefungwa kwenye usukani ikinadi: "Samaki wa leo, mathe. Wa jana niliwala mwenyewe."

Mugure akaziba simu kwa kiganja chenye maji. Alingoja hadi baiskeli ikakata kona kwa kinyozi na spika ikapotea. Ndipo akairudisha simu sikioni.

"Baba, bado uko?"

"Niko, mami. Niko hapa zizini na Nyange. Sema tu."

Akavuta pumzi aseme. Nyuma ya sauti ya baba yake, ndani ya simu, spika ile ile ilikuwa inakaribia: "Samaki wa leo, mathe. Wa jana niliwala mwenyewe."