Nani Kamwaga Mchele

Ndani ya gemu ya simu, chombo cha angani cha fundi cherehani kiligonga jiwe kwa mara nyingine, kikapasuka vipande, na watu asiowajua wakamcheka kwa maandishi. Alijifuta jasho, akailaza simu juu ya gauni la mteja, akaanza upya.

"Mama mkubwa, si nilikwambia?" alisema binti wa mdogo wake, msusi, aliyekuja kuchukua sketi yake. "Gemu hii haimfai mtu wa kuchungulia na kutoka. Huko angani kuna watu wamehamia kabisa, bado kupeleka godoro tu! Wewe unacheza kati ya pindo na kifungo, utafika wapi?"

"Sina haja ya kufika. Namtafuta mtu."

Msusi akaikunja sketi yake. Mtu mwenyewe alimjua: mwana pekee wa fundi. Alikuwa akicheza gemu hiyo mpaka chakula kinapoa mezani, mpaka baba yake, mtunza ghala, uvumilivu ukamwisha. Siku hiyo mzee aliinyanyua kompyuta akaibamiza sakafuni. "Chagua," akasema. "Nyumba yangu au hizo nyota zako." Kijana akachagua mlango. Simu yake haikupatikana tena, na marafiki zake wote wakaapa hawajui alipo.

Mzee naye akatoa amri: jina la kijana lisitajwe humu ndani. Basi likawa halitajwi. Wakawa wanakula wawili, kila mtu na sahani yake, vijiko ndivyo vinavyoongea.

"Wako malaki humo, na kila mtu kajibandika jina la uongo," msusi alisema. "Utamjuaje?"

"Nitamjua."

"Haya. Lakini ukimpata usijitaje. Akishtuka kwamba ni mtu wa nyumbani, atafuta jina aanze jingine, na hapo ndiyo basi tena."

Fundi alikuwa na neno lake. Kijana alipokuwa mdogo, alitazama juu dirishani, akakunja uso na kuuliza: nani kamwaga mchele? Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Tangu siku hiyo, nyota zikawa mchele, na anayeulizwa lazima ajibu, "Si mimi, ni kuku." Mzaha wa kipuuzi kabisa, tena haujawahi kutoka nje ya nyumba ile.

Kwa hiyo mzee akishaondoka kwenda kazini, fundi alikikokota chombo chake kibovu kituo hadi kituo, akiandika kwenye gumzo la wote: Nani kamwaga mchele? Wakamtukana. Wakamwita kichaa, wakamwita muuza nafaka. Wengine walimlipua kwa kujifurahisha tu. Miezi ikapita hivyo. Matumaini yalimwisha zamani. Aliendelea kama mtu anayefagia uwanja huku upepo unavuma.

Halafu asubuhi moja, akiwa katikati ya kola, jibu likaja kutoka kwa rubani mmoja aliyejiita Mgeni.

Si mimi, ni kuku.

Mguu ukamteleza kwenye pedali. Mungu wangu! Alicheka, akalia, akajichoma sindano asisikie. Kisha akakumbuka onyo la msusi, akajizuia. Aliandika tu: Umekula?

Nimekula. Na wewe?

Nimekula.

Siku hizi unalala wapi?

Kwenye gemu hiyo vyombo hulala vituoni, fundi akajibu: Kituo cha pili, jirani na mawe.

Rubani akaandika: Pole sana. Una cha kujifunika?

Mtoto huyu na mizaha yake, fundi akawaza.

Wakawa wanakutana mchana, dakika chache chache, wakiulizana mambo madogo ya afya na chakula. Lakini kuna jambo lilimtesa fundi. Mwanawe alikuwa bingwa wa gemu ile, na huyu rubani alirusha chombo kama mlevi. Hakuna jiwe aliloliacha bila kuligonga. Mara nyingine alitoweka ghafla katikati ya sentensi. Mama akajiambia: mwanangu anaumwa. Au anacheza kwa simu ya kuazima, mikono imemlegea kwa njaa. Kila akimpata, ndivyo alivyozidi kuona anampoteza.

Jioni alitamani sana kumwambia mumewe. Akimtazama anavyotafuna, macho hayabanduki kwenye sahani, anameza maneno yake pamoja na tonge.

Mchana mmoja rubani hakurusha chombo kabisa. Alikuja akakiegesha ubavuni mwa chombo cha fundi, taa kazima. Fundi aliuliza kuhusu chakula, hakujibiwa. Aliuliza kuhusu afya, hakujibiwa. Akawaza: huyu amekuja kuaga. Keshachoka na dunia, anataka kuaga, na mimi niko hapa namuuliza habari za kula!

Potelea mbali onyo la msusi. Alivua miwani, akaivaa tena, akaandika: Rudi nyumbani, mwanangu.

Alikuwa hajabonyeza kutuma, meseji ya rubani ikaingia.

Rudi nyumbani, mwanangu. Ni mimi, baba yako. Mama yako sijamwambia kwamba nimekupata, naogopa kumpa matumaini ya bure.