Kenge Mkaguzi na Udongo wa Ngiri

Jumatatu, tarehe kumi na mbili Aprili, saa kumi alasiri, mvua ilishuka kilimani, udongo ukaporomoka, na Kwale akawa mjane.

Udongo ule ulikuwa wa Ngiri, aliyechimba kilima apate kupanua uwanja wa jumba lake. Sheria iliwataka wachimbaji wajenge kwanza tuta la kuzuia kifusi. Mkaguzi wao alikuwa Kenge, na Kenge hatoki nje mpaka jua liwake.

Kwale, aliyeishi chini ya kilima jirani na shimo la Kenge, alikuwa amemwendea mapema. "Bwana Mkaguzi, tuta halipo. Mume wangu ana mguu mbovu, hawezi kukimbia."

"Mbona sioni maji yakitiririka?" Kenge aliuliza, akijianika juu ya jiwe.

"Njoo siku ya mvua."

"Siku ya mvua kuna baridi, mama. Unataka nife kwa ajili ya udongo?"

Ngiri, aliyesimama kando, alicheka. "Mwache mkubwa aote jua."

Basi Kenge akaipitisha kazi, na mvua ilipokuja akaisubiri iishe jumbani kwa Ngiri, akila na kunywa. Jua lilipotoka, akateremka kukagua.

"Pasafi kabisa," alimwambia Kwale. "Kifusi chote kimeondoka kilimani. Mlikuwa mnalalamikia nini?" Kisha akaangaza macho huku na huku. "Shimo langu liko wapi? Na wanangu?"

"Umesimama juu yao, Bwana Mkaguzi."

Kwale alimpa mgongo, akainamisha kichwa.

"Ewe Mola, mrehemu mume wangu. Warehemu na watoto wa Kenge, maana wao hawakupitisha kitu. Amina."